Niliitwa Kisaju kusoma umri wa nyumba ya mawe, nikaumbuliwa na punda

Wakuu, hamjambo nyote, wazee kwa vijana.

Mimi ni yule mzee wa Kitengela huwa mnaniambia niandike kifupi. Leo haitawezekana. Lakini ni ukweli mtupu, na kama kuna mahali nimeongeza chumvi, basi hivi vidole tisa nilivyobaki navyo viende pia.

Ndio, tisa. Kidole ya kuonyesha ya mkono wa kushoto sina. Wacha nianze na hiyo, mtanivumilia.

Zamani, nikiwa na nguvu, Wambui firstborn wangu akiwa ndio anaanza kutembea, nilienda soko ya mifugo Kajiado kutafuta punda. Nilikuwa fundi wa mawe. Maji na mchanga nilikuwa nabeba na mgongo na mgongo ulikuwa umeanza kulalamika.

Sasa, mjomba wangu alinifundisha kitu moja. Mnyama usiulize mwenyewe umri wake, uliza meno. Mwenyewe atadanganya, meno hayadanganyi. Shule nilikaa kidogo sana, darasa la tatu nikatoka, lakini hiyo ya meno niliishika kama Baba Yetu.

Pale soko nikapata kijana mmoja mrefu, amevaa akala za tairi, anapigapiga fimbo kwa akala yake, tap, tap, tap. Ako na punda rangi ya majivu, sikio moja imechanika.

Akaniambia, "Hii ni punda ya marehemu mzee wangu. Tumemzika juzi tu. Siwezi patia mtu yeyote. Lakini wewe nakuona uko na roho safi."

Wakuu, mtu akikuambia uko na roho safi sokoni, shika mfuko.

Mimi sikushika. Nilifungua punda mdomo mbele ya watu. Meno mafupi, safi, na kale kaalama keusi katikati, vile mjomba alisema. Nikatangaza kwa sauti, "Miaka minne!"

Kijana akatingisha kichwa. "Eh! Wewe unajua punda kuliko Maasai."

Nilivimba, wakuu. Nilitembea na hiyo punda kutoka Kajiado mpaka Kitengela, siku mbili, tumelala Isinya. Ilikuwa inapumzika kwa kila mti. Na nyinyi mnajua ile barabara, miti si mingi, lakini hakuna hata mmoja tuliruka.

Kufika nyumbani jirani akaniambia, "Baba Wambui, umeleta mzee mwenzako."

Nikakasirika. Nikafungua punda mdomo nimwonyeshe meno. Nikaweka kidole ndani kabisa, nikihesabu. Punda ikafunga mdomo vile ofisi ya serikali hufunga saa saba.

Hiyo ndiyo hadithi ya kidole.

Daktari wa mifugo alikuja akacheka mpaka akaketi chini. Meno yalikuwa yamepigwa tupa yakawa mafupi, halafu yakachomwa na msumari moto yapate ile alama. Hiyo punda ingekuwa mtu ingekuwa na vitukuu. Ilikufa msimu huo huo wa mvua, si ugonjwa, ni uzee tu. Ililala ikaamua imetosha.

Tangu siku hiyo mkono wa kushoto naweka mfukoni. Watu wakiona wanauliza, na nikianza kueleza, kazi inasimama.

Mtu ataniuliza hii inahusu nyumba na nini. Pole pole. Ngoja kwanza nifungie kuku, kuna mwewe hapa.

Nimerudi.

Nyumba pia iko na meno. Hiyo nilijifunza mwenyewe kwa kazi. Ukinipeleka kwa nyumba ya zamani, sitaki karatasi. Naangalia jiwe: kama limechongwa na patasi utaona makovu yake, moja hivi, moja vile, kama uso wa mtu aliugua tetekuwanga. Jiwe la mashine liko na mistari sawa sawa kama mkate wa dukani. Nakwaruza katikati ya mawe na ufunguo: kama inatoka unga mweupe, hiyo ni chokaa, ni ya kitambo. Kama ufunguo unapinda, hiyo ni simiti.

Nagonga mabati. Ya zamani ni nzito, inalia ngooo, kama kengele ya kanisa. Ya siku hizi inalia kama sufuria ya bachela.

Nanusa mbao. Mutarakwa, yaani mwerezi, ya zamani ukiikwaruza inanuka utafikiri ilikatwa jana, na mchwa hawaigusi.

Kwa hiyo hapa Kitengela wakaanza kuniita Injinia. Mtu akinunua ploti iko na nyumba kuukuu, ananiita. Nafika na pimamaji yangu, ile ya mbao iko na shaba kwa pembe, nazunguka, nasema umri. Hakuna mtu alikuwa anarudi kunipinga. Sasa nafikiri ni kwa sababu hakuna mtu alikuwa anajua.

Basi, mwaka jana baada ya mvua ndefu, nikapigiwa simu na mzee anaitwa Tipanko. Yeye ndio mwenyekiti wa nyumba kumi huko ndani ya Kisaju. Akaniambia, "Injinia, kuna kesi hapa ya nyumba, na nyumba haiongei. Tunasikia wewe unaiongelesha."

Kesi ilikuwa hivi, na nitaeleza pole pole maana hata mimi nilielezwa mara mbili.

Kuna mama mjane, Mama Naserian. Anaishi kwa nyumba ya mawe miaka mingi. Bwana yake alikufa. Sasa shemeji yake, Lekishon, kaka mkubwa wa bwana, anataka kuuza hapo. Huko Kisaju siku hizi ni ploti tupu na nguzo za beacon za mipaka, hata ng'ombe hawajui wapite wapi.

Lekishon anasema nyumba ilijengwa na baba yao mzee akiwa hai. Kwa hivyo ni ya familia yote, na yeye ndio mkubwa, mama atoke.

Mama anasema hapana. Baba mkwe alikufa kwanza, kila kijana akapata shamba yake, ndio yeye na bwana wakajenga.

Mzee alikufa miaka thelathini na kitu iliyopita. Hapo wanakubaliana. Kwa hivyo swali ni moja tu: nyumba ni kuukuu kuliko hiyo, ama ni changa? Ikiwa kuukuu, mama analala nje. Ikiwa changa, analala ndani. Chifu alikuwa amewaambia wamalizane nyumbani, na Lekishon alikuwa tayari ako na mnunuzi.

Nikafika asubuhi saa nne. Wazee wamekaa kwa viti vya plastiki, chai iko. Nikasalimia, "Sopa!" Wakaitikia, "Ipa!" Mama Naserian alikuwa amesimama kando na miwani yake na shanga zake. Nikamwambia, "Takwenya, mama."

"Iko," akajibu. Akaniangalia sana. Nikafikiri ni heshima.

Lekishon alikuwa mzee wa tumbo, suti ya kaunda, viatu vinang'aa. Akanisalimia kwa mikono miwili. "Injinia, karibu. Sema ukweli tu, hakuna mtu atakukasirikia."

Nikaweka pimamaji kwa dirisha, nikaweka mkono wa kushoto mfukoni, nikaanza.

Wakuu, nyumba ilikuwa imepigwa plasta mbele na kupakwa rangi ya kijani, lakini upande wa nyuma mawe yako wazi. Nikaangalia. Patasi! Makovu kila mahali. Nikasema kwa sauti, "Hili jiwe halijaona mashine."

Wazee wakasema, "Mmmh."

Nikagonga mabati na fimbo. Ngooo. "Hii mabati ilikuja na meli," nikasema.

"Mmmh."

Nikakwaruza mbao za dari. Mutarakwa. Nikawanusisha wote mmoja mmoja, hata Lekishon akanusa akafumba macho kama ako kanisani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndio ujinga uko.

Niliona mabati iko na matundu ya zamani yamezibwa na lami. Mtu wa akili angejiuliza, kwa nini bati moja itobolewe mara mbili? Mimi nikawaambia ni mvua ya mawe, eti zamani mvua ya mawe ilikuwa na nguvu.

Niliona misumari imepinda ikanyooshwa. Nikawaambia misumari ya wakoloni ilikuwa inapinda na jua.

Niliona kati ya mawe kuna simiti, si chokaa. Ufunguo ulipinda kabisa, mpaka leo mlango wangu unafunguka kwa kuombwa. Nikawaambia hiyo ni chokaa ya aina ngumu.

Mtu akishajiamini, wakuu, hata macho yanamtii.

Halafu nikafika kona ya nyuma, nikaweka pimamaji. Kona imepinda kama mkia wa mbuzi. Na mlango wa nyuma umekwama, haufungi, unakwaruza chini.

Nikacheka. Nikawaambia, "Wazee, nyumba ni nzuri, lakini huyu fundi alijenga hii kona alikuwa amelewa. Na huu mlango aliuweka na miguu."

Wazee wakacheka. Mama Naserian ndio alicheka kuliko wote, akashika ukuta.

Nikafikiri nimependwa.

Nikarudi mbele, nikasimama, nikakohoa. Nikasema, "Hii nyumba haijapungua miaka sitini. Anayesema ni changa, aniambie hii jiwe ilitoka wapi."

Lekishon akapiga makofi mara moja. "Mmesikia! Nilisema nini? Ni ya baba!"

Mzee Tipanko akashika kichwa. Akamwambia mama, "Yeyo, umesikia fundi."

Mama hakulia. Alikuja mpaka mbele yangu, akapangusa miwani na shuka, akasema pole pole:

"Baba Wambui, toa mkono mfukoni."

Wakuu, pale Kisaju hakuna mtu ananiita Baba Wambui. Hata Kitengela ni majirani wazee tu.

"Mama, tunajuana?"

"Nilikupikia siku kumi na nane. Ugali na maziwa lala. Ulikuwa unasema maziwa imelala sana, lakini kibuyu unarudisha tupu."

"Mimi? Wapi?"

"Hapa! Unafikiri ni nani alijenga hii kona?"

Wazee wote wakanigeukia. Hata kuku nadhani ilinigeukia.

Nikakataa. Nitasema ukweli, nilikataa mara tatu kama Petro. Nikasema mimi sijawahi fanya kazi upande huu. Nikasema hata kama ningefanya, kona yangu haipindi.

"Hukuwa umelewa," mama akasema. "Hiyo nakutetea. Ulikuwa unasimulia hadithi. Ukifika mahali tamu unaacha kamba, unageuka unatuangalia. Ndio kona ikapinda."

Wakuu, hapo nikajijua kidogo.

Akatupeleka nyuma. Kwa ngazi ya mlango uliokwama kulikuwa na mitungi ya maji. Akaisongesha, akamwaga maji, akafagia na ufagio. Pale kwa simiti kukatokea mkono. Kiganja, kidole gumba, na vidole vitatu. Pahali pa kidole ya kuonyesha, kisiki.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa anasema nyumba usiiache bila mkono, ikikosa mkono inasahau mtu wake. Kwa hivyo kila kazi nilikuwa napiga mkono kwa ngazi ya mwisho. Nyumba haikusahau. Ni mimi.

"Weka," Mzee Tipanko akasema.

Nikapiga magoti. Goti likalia. Nikaweka mkono. Ukaingia kama mguu kwa kiatu chake, ila siku hizi nimekonda kidogo.

"Na jiwe lilitoka wapi?" Tipanko akauliza. Hakuniuliza mimi. Mimi nilikuwa nimekwisha.

"Kajiado," mama akasema. "Nyumba ya mzungu fulani ilibomolewa karibu na reli. Bwana yangu alileta na lori. Mawe, mabati, mbao, hata misumari. Ile misumari nilinyoosha mimi, moja moja, juu ya jiwe. Nikiwa na mimba ya Naserian. Huyu Baba Wambui anasema ni jua ilikunja."

Walicheka mpaka mzee mmoja akamwaga chai.

Ni meno ya kupigwa tupa, wakuu! Mawe ni ya zamani, nyumba ni changa. Mtu aliyeumwa na punda kwa makosa hiyo hiyo akarudi akaifanya tena na pimamaji.

Lakini Lekishon si mjinga. Alisimama. "Sawa, alijenga yeye. Basi alijenga baba akiwa hai. Mkono hauna tarehe!"

Na hapo alikuwa amesema kitu. Wazee wakaanza kunong'ona. Mimi miaka sishiki, niulizeni leo ni tarehe ngapi nitaangalia simu. Nikaona mama ameshika mlango wake na mkono mmoja, vile mtu anashika ng'ombe isichukuliwe.

Mzee Tipanko akaniuliza, "Fundi, hiyo kidole ilienda lini?"

"Lini sijui. Lakini najua ilienda wapi. Ilienda kwa punda."

Nikawapa hadithi. Soko ya Kajiado, kijana mrefu, roho safi, miaka minne. Nilikuwa naisimulia nikiangalia chini kwa aibu.

Mama akaniingilia. "Hiyo punda ilikuwa rangi gani?"

"Majivu."

"Masikio?"

"Moja imechanika."

Sasa, tangu nianze hiyo hadithi kulikuwa na sauti nyuma yangu na sikuwa nimeisikia mpaka iliponyamaza. Tap, tap, tap. Fimbo kwa kiatu. Halafu kimya.

Niligeuka. Lekishon alikuwa ameshika fimbo hewani, hajui aiweke wapi. Nikamwangalia. Toa tumbo, toa suti ya kaunda, weka akala.

"Ni wewe!" nikasema. "Roho safi!"

Mama akasema, "Uliisimulia hii hadithi kila jioni hapa, na bwana yangu alikuwa anatoka nje kucheka mpaka machozi. Hakukuambia ni punda ya baba yao, aliogopa utadai kidole."

Mzee Tipanko akainuka kwa kiti. Huyo alikuwa rika moja na hao ndugu, alikuwa kwa hiyo mazishi. Akasema, "Lekishon. Punda ya baba yako uliuza lini?"

Lekishon akaangalia viatu.

"Si ni baada ya kumzika?" Tipanko akasema. "Si ndio uliuza bila kuuliza ndugu zako, mkakosana, tukakaa hapa hapa kuwapatanisha? Mzee akazikwa. Punda ikauzwa. Punda ikakula kidole. Halafu mkono bila kidole ukajenga nyumba. Sasa nyumba ni ya nani?"

Hata kuku ilikuwa inajua.

Lekishon alisema tu, "Hiyo punda ilikuwa na miaka minne." Akaingia kwa gari lake, akaondoka. Nasikia mnunuzi alipelekwa kwa shamba lingine, la Lekishon mwenyewe.

Mama Naserian akaingia ndani kwake. Alitoka na kikombe ya chai akaniletea mimi kwanza, kabla ya wazee, na hiyo iliniuma kuliko angenitukana.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mbona hukuniambia mapema, nikiwa bado kwa mawe?"

"Ulikuwa unasema vizuri," akasema. "Nikaona nikuache umalize."

Funzo, wakuu, sitaandika mengi. Jiwe linakwambia umri wa jiwe. Umri wa nyumba uliza yule alinyoosha misumari. Na nyinyi vijana mnanunua ploti Kitengela na nyumba juu yake, mkiambiwa na fundi eti hii ni ya miaka fulani, angalia kama bati iko na matundu mawili. Halafu angalia huyo fundi kama ametoa mikono mfukoni.

Kama wewe pia umewahi kutana na kazi ya mkono wako na ukaikana, andika hapo chini, nisiwe peke yangu. Msinicheke sana, lakini mkicheka pia nitaelewa.

Ilibaki kitu moja.

Nilipomaliza chai nikasimama niage. Mama akanionyesha ule mlango wa nyuma na kidevu. "Na huu? Uliniambia unakuja Jumatatu kuurekebisha. Naserian sasa ako na watoto wawili."

Nikauangalia. Kazi ya nusu saa na randa, kuutoa, kuparua chini, kuurudisha.

Nikamwambia, "Mama Naserian, Jumatatu. Na safari hii ni ukweli. Hata pimamaji naiacha hapa kwa dirisha, ujue narudi."

Nikavaa kofia, nikatembea mpaka barabara ya Namanga bila kuangalia nyuma.

Pimamaji bado iko huko.